Kabla hamjafunga mwamba wa pweza

Haya nawaandikia wanakamati wa uvuvi wenzangu, hasa wa visiwa vidogo, waliosikia habari za kufunga mwamba wa pweza, yaani kuacha kuvua pweza hapo kwa miezi michache kisha kuufungua, na wanataka kujaribu kwao. Mimi ni mwandishi wa takwimu katika kamati ya uvuvi ya shehia yetu, kusini mwa Pemba, upande wa Mkoani. Nimekulia katika nyumba ya wachokoaji, watu wanaomtoa pweza tunduni kwa fimbo iitwayo mchokoo. Bibi, mama na shangazi zangu wamelea watoto kwa pweza, na mimi pia bamvua likiingia, siku zile maji yanapokupwa sana, huwa simo nyumbani. Kufunga mwamba kumetusaidia, wala sitaki mtu asome haya akavunjika moyo. Ila mara ya kwanza mzigo uliwaelemea watu ambao hawakuwa na pa kuushushia, na mengi katika hayo yangeweza kupangwa mapema.

Pweza wetu walipungua polepole, ndiyo maana hakuna aliyeshituka. Mama anakumbuka pweza wawili kumtosha mtu kubeba. Nilipokuwa msichana, watu walishaanza kurudi na pweza saba wanaoenea kwenye kindoo kimoja. Mnunuzi aliwachukua wote. Aliye chini ya nusu kilo alimpunguzia bei, lakini alimchukua, na maadamu mtoto wa pweza ana bei, hakuna atakayemwacha tunduni.

Kingine kilichobadilika ni wazamiaji. Sisi wa miguu tunafika pale tu maji yanapokupwa. Pweza wa maji makubwa tulikuwa hatumwoni, na huko ndiko wakubwa wengi wanakokaa. Vijana walipopata miwani na mapezi, sehemu ile iliyokuwa imejificha nayo ikaingiwa, bamvua na maji mafu, yaani hata siku maji yasipokupwa sana. Siwalaumu, nao wana nyumba za kulisha. Lakini pweza hakubakiwa na mahali pa kupumzika.

Mtafiti aliyekuja shehiani kutufundisha alitueleza mambo ambayo nusu yake wazee walikuwa wakiyajua kwa macho. Pweza wetu wa miambani, ambaye kwa jina la kisayansi ni Octopus cyanea, haishi sana: mwaka mmoja na miezi michache tu. Ndani ya muda huo anakua kwa kasi kubwa, na ndiyo sababu mwamba ukifungwa miezi mitatu tu tofauti inaonekana kwenye mizani. Jike hutaga mara moja maishani. Anaingia pangoni, anaziba mlango kwa mawe, anatundika mayai juu kwenye dari, mamia ya maelfu, mfano wa punje za mchele zilizotungwa kwenye uzi. Anakaa hapo akiyapulizia maji bila kula, na yakishaanguliwa, anakufa.

Shangazi yangu aliposikia hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi yule anayejizibia mlango ndiye tunayemfurahia kuliko wote." Ni kweli. Mchokoaji akiona mawe yamepangwa mlangoni anajua mwenyewe yumo na hatakimbia. Kabla ya siku ile sikuwahi kumsikia mtu shehiani akilitaja jambo hilo kama hasara.

Mtafiti alitueleza pia habari za Madagascar, kijiji cha Andavadoaka, ambako ufungaji wa namna hii ulianza mwaka 2004. Waliopima matokeo ya kule kati ya 2004 na 2011 walipitia mara 36 za kufunga miamba, na wakaona kwamba mwezi wa kwanza baada ya kufungua, anachopata mvuvi mmoja kwa siku kilipanda kwa karibu asilimia 90. Sehemu iliyofungwa kwa kawaida ilikuwa kama moja ya tano ya eneo la uvuvi. Hili la moja ya tano lishikeni vizuri, nitalirudia. Karibu na sisi, watu wa Kisiwa Panza walishaanza kufunga kabla yetu, tukaenda kuwatembelea. Ziara ile ilitufaa kuliko semina zote, kwa sababu tulikaa na wanawake wenzetu mwambani, wakatuonyesha kwa mikono.

Neno tulilorudi nalo ni kwamba tupime kabla ya kufunga. Wengi wanafunga kwanza, wanapima siku ya kufungua, wanafurahi, halafu mtu akiwauliza "zamani mlikuwa mkipata kiasi gani?" kila mmoja ana kumbukumbu yake. Sisi tulianza kupima tangu kaskazi, miezi kadhaa kabla ya kufunga. Mizani ya kuning'iniza, ndoo, utepe wa kupimia, daftari la mistari na kalamu ya risasi. Kalamu ya wino maji ya chumvi yanaifuta, kwa hiyo msiitumie.

Kupima pweza kuna mambo yake. Pweza akitoka majini ana maji kichwani, na mwenye pweza angependa apimwe na hayo maji. Tena huyu ni mbichi, mikono yake bado inashika. Mmoja alijinasa kwenye mnyororo wa mizani, sindano ikawa inapanda na kushuka mpaka tukambandua kinyonyeo kimoja kimoja. Tukaafikiana kwamba kila pweza anainamishwa kwanza, maji yanatoka, ndipo apimwe mzima akiwa na matumbo yake. Ukipima leo mwenye matumbo na kesho aliyepasuliwa, daftari lako halina maana tena. Jinsia tunaiangalia kwenye mkono wa tatu wa kulia: kwa dume ncha yake haina vinyonyeo, ina kijifereji kidogo laini. Baada ya wiki mbili wanawake waliutambua haraka kuliko vijana wa chuo kikuu waliotufundisha.

Jambo kubwa kuliko yote kwenye daftari ni waliorudi mikono mitupu. Hawa hawapiti dikoni, pale samaki wanapoteremshwa na kuuzwa. Wanakata kichochoroni wanakwenda nyumbani, kwa sababu nani anataka kuonyesha ndoo tupu? Lakini wakienda wachokoaji kumi, watatu wakapata kilo mbili mbili, ukaandika hao watatu peke yao, daftari litasema mchokoaji anapata kilo mbili. Ukweli ni kwamba kila mmoja amepata gramu 600. Kwa hiyo mtu wa takwimu akae njiani wanakopita watu, asikae dikoni kwa mnunuzi. Aandike waliokwenda, saa walizokaa majini, mwamba waliokwenda, na waliokosa. Niliwaambia kina mama kwamba ndoo tupu ndiyo itakayotutetea, wakaanza kuja wenyewe kujiandikisha.

Sasa nije kwenye kuchagua mwamba, hapo ndipo palipotuumiza.

Kikao kilifanyika skuli. Wanaume wenye ngalawa na boti walikaa mbele, wanawake tulikuwa nyuma karibu na mlango, na ilikuwa jioni, wakati wa kupika, kwa hiyo wengi waliondoka kabla ya uamuzi. Ukachaguliwa mwamba ulio mbele ya kijiji. Sababu ilisikika nzuri: unaonekana kutoka ufukweni, mlinzi hahitaji boti, mafuta hayaliwi. Haikutajwa kwamba mwamba ule ndio wa watu wa miguu. Mwenye ngalawa akifungiwa pale anatanga kwenda kwingine. Mama mjane mwenye miaka sitini anakwenda wapi? Tena haukuwa moja ya tano ya eneo la kina mama. Ukiangalia kijiji kizima ilikuwa sehemu ndogo, lakini kwa wanaotembea kwa miguu ilikuwa zaidi ya nusu.

Miezi mitatu ile nimeiona kwa macho. Deni dukani lilipanda. Mwani ulikuwa na bei mbaya msimu ule. Baadhi ya wanawake walihamia kwenye mwamba mmoja mdogo uliobaki wazi, wakageuza kila jiwe, na jiwe likigeuzwa lisirudishwe, vyote vilivyoshikamana chini yake vinakauka na kufa. Daftari lilionyesha wazi: pweza wa mwamba ule mdogo walizidi kuwa wadogo kila bamvua. Tulikuwa tunalinda mwamba mmoja na kuumaliza mwingine. Kama tusingepima pia mwamba uliokuwa wazi, tungeamini tumefanikiwa kila mahali.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kabla ya kuchagua, chukueni karatasi kubwa, chorani miamba yote kwa majina ambayo watu wenyewe wanayatumia, kisha ulizeni kila mwamba nani anautegemea, na anafika huko kwa chombo gani. Wanawake wakae peke yao kwanza na wachore ramani yao. Kikao kifanyike asubuhi maji yakiwa yamejaa, kwa sababu hapo hakuna mchokoaji aliyeko mwambani. Mara ya pili tulifanya hivyo, na tukafunga mwamba mwingine, wa mbali zaidi, tukaacha ule wa mbele ya kijiji wazi kwa watu wa miguu tu, bila wazamiaji. Gharama ya ulinzi ilipanda, ni kweli. Lakini hapakuwa na nyumba iliyobeba mzigo peke yake.

Ulinzi. Mara ya kwanza tulifunga kabla sheria ndogo hazijaidhinishwa na Wizara. Tulidhani makubaliano ya kikao na tangazo la sheha yanatosha, na kwa wenyeji yalitosha. Wageni wa dago, wavuvi wanaopiga kambi ugenini, walipokuja, wakaingia na kurunzi usiku, wakaulizwa, wakajibu, "Tuonyesheni karatasi." Hatukuwa nayo. Pweza waliondoka mbele ya macho yetu. Msifunge hata siku moja kabla ya karatasi, na mkishaipata, itoeni nakala, kila mlinzi awe na yake ndani ya mfuko wa plastiki. Mipaka nayo ielezeni mara mbili: kwa vipimo vya GPS kwa ajili ya serikali, na kwa alama ambazo mvuvi anaziona, mkoko fulani, jiwe fulani, mdomo wa mkondo. Maboya tuliyotia yaliibwa, lakini jiwe halikuibwa.

Mtihani mgumu ulikuwa siku alipokamatwa kijana wa hapahapa, mtoto wa ndugu wa mwanakamati. Usiku ule watu walipiga hodi nyumba hadi nyumba kumwombea msamaha. Kamati ilikaa mpaka saa sita usiku. Mwishowe alilipa faini iliyoandikwa, ileile ambayo angelipa mgeni, na baba yake ndiye aliyeipeleka mkononi. Baada ya hapo wizi wa usiku ulipungua sana. Nawaheshimu wazee wale kwa uamuzi ule, ulivunja undugu kwa muda na walijua utavunja.

Mafuta ndiyo gharama isiyolala. Petroli ilikuwa imepita shilingi 3,000 kwa lita, na doria moja ya boti inakunywa lita nyingi. Mradi unalipa mwanzo, kisha mradi unakwisha. Sisi sasa tunakata fungu dogo kwa kila kilo inayouzwa wakati wa kufungua, linaingia mfuko wa ulinzi, na hesabu zake zinasomwa hadharani baada ya sala ya Ijumaa na tena kwenye kikundi cha akina mama. Halitoshi. Linafika kama theluthi mbili ya safari, zilizobaki walinzi wanakwenda kwa ngalawa na tanga.

Siku ya kwanza ya kufungua sitaisahau kwa uzuri na kwa uchungu. Watu walifika kutoka shehia jirani, wengine kutoka mjini Chake Chake, hata wasiowahi kuchokoa. Pweza walikuwapo, alhamdulillahi: wa kilo tatu, wa kilo nne, watoto wa kijiji walikuwa hawajawahi kuwaona wa ukubwa ule. Mapango yalitambulika kwa mbali kwa magamba ya kaa na kombe yaliyorundikwa mlangoni. Lakini miguu ilikuwa mingi mno. Matumbawe yaliyopona miezi mitatu yalikanyagwa kwa saa tatu. Ilipofika adhuhuri wanunuzi wakaona ndoo zimejaa na barafu yao ni ndogo, wakateremsha bei. Aliyekuwa na deni akauza kwa bei hiyohiyo, angefanya nini, pweza haoti miguu kurudi baharini.

Tangu hapo tunapanga hivi. Bei inaafikiwa kwa maandishi wiki kadhaa kabla, na wanunuzi wasiopungua wawili, na kila mmoja anataja barafu atakayoleta. Maji ya kwanza ni ya watu wa miguu peke yao, wazamiaji wanaingia siku ya tatu. Wanaoingia ni walioandikishwa. Mchokoo unaingia tunduni, haubomoi jumba la pweza. Jiwe linalogeuzwa linarudishwa. Chini ya nusu kilo haguswi, na pango lililozibwa kwa mawe linaachwa. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kwa watu, na wanaolisimamia sasa ni wale shangazi zangu, kwa sauti zao wenyewe, huko huko mwambani.

Nawaambia ukweli kuhusu faida: ni kubwa, lakini ni ya muda mfupi. Daftari letu linaonyesha bamvua la kwanza la kufungua likiwa juu sana, la pili likishuka, na baada ya hapo karibu tunarudi tulikokuwa. Kwa kuwa watoto wa pweza huchukuliwa na mkondo wiki kadhaa kabla ya kutua, kufunga kwetu kwa miezi mitatu kunawakuza pweza waliopo zaidi kuliko kutuzalishia wapya. Mtafiti alisema hivyo tangu mwanzo na wengi hawakupenda kusikia. Ndiyo sababu tuliongeza eneo dogo la kudumu kwenye maji makubwa, lisilofunguliwa kabisa, kwa ajili ya majike wanaotaga. Eneo hilo lilipata upinzani kuliko yote, kwa kuwa halina siku ya kuvuna. Kilicholipitisha kikaoni ni ukurasa wa daftari uliokuwa na majike wenye mayai waliopimwa mwaka ule, mmoja mmoja, tarehe na mwamba. Mzee mmoja mzamiaji aliyekuwa akipinga alilichukua daftari, akasoma kimya, akasema, "Huyu wa tarehe hii ni mimi niliyemleta." Akaunga mkono.

Na hilo daftari lilindeni. Kuna mradi uliwahi kuchukua daftari letu la kwanza kwenda kuandikia ripoti, halikurudi, na ripoti hatukuiona. Bahati niliwahi kupiga picha kurasa nyingi kwa simu. Sasa kanuni yetu ni kwamba daftari halitoki shehiani. Anayelitaka atapewa picha, na akimaliza kazi yake aje atusomee alichokiona, kwa Kiswahili, mbele ya waliopima. Watafiti wazuri wanakubali mara moja. Asiyekubali, mwacheni aende. Kwetu takwimu ni sehemu ya mali ya bahari kama pweza wenyewe, na kijiji kisicho na zake kitaambiwa na wengine bahari yake iko katika hali gani.

Yapo yaliyo nje ya uwezo wa kamati. Mwaka 2024 joto la maji lilipozidi katika bahari yetu hii ya Hindi, matumbawe mengi yaligeuka meupe. Kufunga mwamba hakuzuii joto. Kunapunguza yale mengine: miguu, mchokoo, mawe yaliyopinduliwa. Tumeongeza safu moja ya rangi ya matumbawe kwenye daftari, anaijaza yeyote anayerudi mwambani siku hiyo.

Sasa hivi majirani zetu wa ng'ambo ya mkondo wanataka kufunga wakati mmoja na sisi. Tumewaomba wapishane nasi miezi, kwa sababu wachokoaji wa pande zote mbili huvuka kwa mtumbwi kutafuta riziki, na tukifunga pamoja hawatakuwa na pa kwenda. Eneo la kudumu, hilo tunataka tuwe nalo wote wakati wote, maana mkondo unaobeba watoto wa pweza wao ndio unaopita kwetu. Kikao cha pamoja kimepangwa asubuhi, maji yakiwa yamejaa, na tumewasisitizia waje na daftari lao pamoja na wanawake wao wa miguu, si mwenyekiti na katibu peke yao.